Maji ya mboji kwa bustani yenye uhaba wa maji: yatumike lini, na kazi yake hasa ni ipi?

Mkulima wa Ihumwa

Salaam ndugu wakulima. Nina bustani ya matuta 12 huku Ihumwa, nje kidogo ya jiji la Dodoma, kila tuta likiwa na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10. Ninalima sukuma wiki, mchicha na nyanya, na mke wangu huziuza kwa majirani na kwa mama lishe wawili wa hapa mtaani. Mvua zetu, kama mnavyofahamu, ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katika mwaka wa kawaida hazizidi sana milimita 600. Baada ya hapo hubaki jua na upepo mpaka mwaka ukaribie kwisha. Maji ya bomba hutoka mara mbili kwa wiki, nami huyakinga katika tangi la lita 2,000, na yakipungua hununua kwa dumu, jambo ambalo kwa bei ya mboga za majani halilipi.

Mwezi uliopita nilimtembelea jamaa yangu nikamkuta akimwagilia sukuma wiki maji meusi yanayofanana na chai ya rangi. Aliniambia ni mboji aliyoiloweka, na kwamba tangu aanze kuitumia mboga zake zinastahimili siku mbili au tatu bila maji. Niliporudi nyumbani nililoweka ndoo ya samadi ya mbuzi kwa siku nne, nikamwagilia tuta moja la sukuma wiki lililokuwa limeanza kunyauka, nikitarajia lipate nafuu. Siku ya tatu majani ya chini yalianza kukauka kuanzia kingoni kuelekea katikati, kana kwamba yamepitishwa juu ya moto, ilhali tuta la pili ambalo sikuligusa lilikuwa limelegea tu, likainuka jioni nilipolipa maji ya kawaida.

Naomba kufahamishwa: je, nilikosea wapi? Maji haya ya mboji yanasaidiaje mmea wenye kiu, hutengenezwa kwa vipimo gani, na je, yanaweza kunipunguzia idadi ya madumu ninayonunua?

Bwana Shamba Mstaafu, Morogoro

Ndugu yangu wa Ihumwa, pole kwa hasara ya tuta hilo. Nianze na kosa, kwa sababu ndilo linaloeleza mengine yote. Ulichokiloweka si mboji bali ni samadi, na samadi ambayo haijaoza ina chumvi nyingi pamoja na amonia. Ukiyamwaga maji hayo kwenye udongo uliokwisha kukauka, chumvi hubaki karibu na mizizi na kuyazuia hata yale maji machache yaliyopo yasiingie ndani ya mmea. Mmea uliokuwa na kiu umeongezewa kiu. Zile kingo za majani zilizokauka ni dalili ya chumvi.

Mboji ni kitu kingine. Ni majani, mabua, mabaki ya jikoni na samadi vilivyorundikwa kwa tabaka, vikatiwa maji, vikapata joto, vikageuzwa na kuachwa mpaka vikapoa na kubadilika kabisa. Kuitambua ni rahisi: chomeka fimbo katikati ya rundo, iache kwa dakika kumi, kisha uishike. Ikiwa bado ya moto, subiri. Ikiwa imepoa, na ukichukua gao la mboji ukanusa unapata harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza, wala huoni tena jani linalotambulika, hiyo imekomaa.

Sasa kuhusu kazi ya maji yake. Mboji iliyokomaa ina viini vya asili viitwavyo asidi za humiki na za fulviki, ina madini yanayoyeyuka, hasa potasiamu, na ina vijidudu vingi vyenye manufaa. Mwaka 2002 watafiti wa Brazili walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba asidi za humiki zilizotolewa kwenye mboji ya minyoo zilirefusha mizizi ya mahindi na kuifanya itoe matawi mengi zaidi, kwa namna inayofanana na ile ya homoni ya ukuaji ambayo mmea wenyewe huitengeneza. Mzizi wenye matawi mengi hugusa udongo mwingi zaidi, kwa hiyo hufikia maji ambayo mzizi mfupi usingeyafikia. Potasiamu nayo ndiyo inayotumiwa na mmea kufungua na kufunga vile vitundu vidogo vya hewa vilivyo kwenye majani; mmea wenye upungufu wa potasiamu huchelewa kuvifunga jua linapokuwa kali, na maji huendelea kupotea.

Utaona basi kwamba faida hii yote hujengwa taratibu, wakati mmea bado una maji ya kukulia. Mzizi hauoti katika udongo mkavu. Ndiyo maana nasisitiza kuliko jambo lolote jingine: maji ya mboji hupewa mche ungali kitaluni, kisha siku ya kuupandikiza, kisha katika wiki nne au tano za mwanzo. Ukisubiri mpaka mmea unyauke ndipo uyalete, umechelewa.

Kuhusu madumu, tupige hesabu pamoja. Matuta yako 12 yana eneo la mita za mraba 144. Katika miezi ya jua na upepo bustani ya mboga hupoteza takriban lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na siku nyingine zaidi. Hiyo ni lita 720 kwa siku, yaani zaidi ya lita 5,000 kwa wiki, ilhali tangi lako likijaa mara mbili unapata 4,000, na hapo hujapika wala kufua. Ukimwaga lita 10 za maji ya mboji kwenye tuta zima, umeliongezea chini ya lita moja kwa kila mita ya mraba. Hakuna mboji itakayoziba pengo hilo. Ningekuwa wewe, ningepumzisha matuta manne kuanzia Julai na kuyatunza manane vizuri.

Vipimo ni hivi. Chukua kilo 1 ya mboji iliyokomaa, itie ndani ya mfuko wa kitambaa au kipande cha chandarua kikuukuu kilichofuliwa vizuri, ning'iniza ndani ya ndoo yenye lita 10 za maji. Kama maji ni ya bomba na yana klorini, yaache kwanza usiku mzima ndoo ikiwa wazi. Koroga kwa nguvu mara nyingi uwezavyo kwa muda wa saa 24, hewa iingie. Toa mfuko, changanya lita moja ya maji hayo na lita 5 za maji ya kawaida, umwagilie chini ya mashina jioni, kwenye udongo ambao tayari una unyevu, na uyamalize siku hiyohiyo. Rudia kila baada ya siku 10 hadi 14.

Jambo moja wengi hawaambiwi: maji matupu hutoa sehemu tu ya asidi za humiki. Viwandani hutolewa kwa kutumia magadi makali ya potasiamu, na kwa sababu hiyo wapo wanaoshauri kutia majivu, ambayo nayo yana magadi ya aina hiyo ingawa si makali hivyo, ndani ya ndoo ili rangi ikolee. Kwa Dodoma sikushauri, kwa sababu sehemu nyingi za huko udongo wake na maji yake ya visima tayari vina chumvichumvi, na majivu yataongeza tatizo lilelile lililokuunguzia sukuma wiki.

Mama wa Makueni

Hamjambo. Mimi ni mkulima wa Makueni, Kenya, upande wa Kibwezi, ambako mvua huja mara mbili kwa mwaka lakini hazina uaminifu, na kati ya Juni na Oktoba tunategemea mitungi tunayobeba kwa punda. Ninakubaliana na Mzee wa Morogoro kuhusu wakati wa kutumia, na ningependa kueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Nilikuwa na vipande viwili vya sukuma wiki, kila kimoja miche 16, udongo mmoja, siku moja ya kupanda. Kimoja nilikipa maji ya mboji tangu kitaluni, kila baada ya siku 10. Kingine nilikipa maji ya kawaida kwa kipimo kilekile, mkebe mmoja kwa kila mche. Wiki ya saba punda aliumwa, tukakaa siku sita bila kuchota. Siku ya tatu kipande cha maji ya kawaida kilianza kulala kuanzia saa nne asubuhi na hakikuinuka mpaka usiku. Kile kingine kilianza kulegea siku ya tano, tena mchana tu. Siku ya sita vyote vilikuwa vimelala. Kwa hiyo kwangu mimi faida ilikuwa ya siku mbili, wala si zaidi, lakini kwa mtu anayesubiri maji siku mbili ni nyingi.

Ndugu, kuna neno moja ulilolitumia ambalo limenishughulisha, nalo ni tuta. Ikiwa unalima juu ya tuta lililoinuliwa, unaukausha udongo kwa pande tatu. Huku kwetu tunafanya kinyume. Tunachimba kitanda kishuke chini ya usawa wa ardhi kama kimo cha kiganja na nusu, tunatia mboji ndani, tunaacha ukingo kuzunguka, na maji yote yanayomwagwa hubaki humo ndani. Kisha tunafunika kwa nyasi kavu. Unapofunika, acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka kila shina, kwa maana nyasi zikigusa shina mchwa hupanda moja kwa moja, na nadhani mchwa wa Dodoma ni ndugu wa mchwa wa Ukambani.

Nami niliwahi kuunguza terere, yaani mchicha, kama wewe ulivyounguza sukuma wiki, kwa mboji iliyotengenezwa kwa mavi ya kuku mengi mno. Tangu hapo nina jaribio langu dogo: ninachukua punje 20 za maharagwe au kunde, 10 ninazilaza kwenye kitambaa kilicholowa maji ya kawaida na 10 kwenye kitambaa kilicholowa maji ya mboji niliyokwisha kuyapunguza makali. Baada ya siku nne au tano ninalinganisha vijimizi. Vya upande wa mboji vikiwa vifupi au vyenye ncha ya kahawia, ninaongeza maji mengine au ninaiacha mboji hiyo ikae wiki nyingine.

Afisa Afya ya Mazingira

Naomba kuongeza tahadhari moja, kwa kuwa mboga hizi zinauzwa kwa mama lishe na kuliwa na watu wengi. Maji ya mboji yanaweza kubeba vimelea vya kuharisha, hasa pale rundo lilipotengenezwa kwa samadi ambayo haikupata joto la kutosha. Wapo wanaotia sukari guru au molasi ndani ya ndoo ili kulisha vijidudu vyema, lakini uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba sukari hiyohiyo huwalisha pia bakteria waletao maradhi, E. koli na salmonela wakiwamo, nao huzaana kwa kasi. Kwa bustani ya nyumbani, ambako hakuna maabara ya kupima, ni heri sukari isitiwe kabisa.

Rundo lenyewe lipate joto. Kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa mfano, zinadai mboji yenye samadi inayorundikwa na kugeuzwa ifikie nyuzi 55 hadi 77 za Selsiasi kwa siku 15 na igeuzwe angalau mara tano katika muda huo. Na samadi mbichi ikitumiwa, zipite siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa inagusa udongo, au siku 90 kama haigusi. Mchicha huvunwa ndani ya wiki nne hivi. Hauwezi kusubiri siku 90, sembuse 120. Kwa hiyo ile ndoo ya samadi ya mbuzi, hata kama isingeunguza majani, haikustahili kumwagwa kwenye mboga za majani.

Mwisho, msipulize maji haya juu ya majani ya mchicha, ya giligilani, wala juu ya nyanya zinazokaribia kuiva na kwenda kwenye kachumbari. Yamwagwe chini, kwenye mizizi, ambako ndiko kazi yake iliko kwa mujibu wa maelezo ya Mzee hapo juu.

Kijana wa Mpwapwa

Kwa heshima zote, wakubwa zangu, sioni sababu ya kuloweka. Mboji yenyewe tunapata kidogo kwa sababu mabua mengi yanaliwa na ng'ombe. Mboji kavu huweza kushika maji mengi kuliko uzito wake, na faida hiyo haimo ndani ya ndoo, imo kwenye mboji yenyewe ikiwa udongoni. Ningeitia yote kwenye mashimo ya kupandia nikamaliza kazi.

Bwana Shamba Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, hoja yako ni ya kweli na ningependa kila mtu aisome mara mbili. Mwenye mboji kidogo aanze na udongo. Lakini kuloweka hakukupotezei mboji: kile kinachobaki ndani ya mfuko baada ya saa 24 bado ni mboji, kimepungukiwa na chumvi na sehemu ya madini tu, na uwezo wake wa kushika maji uko palepale. Kifukie kwenye shimo la mche unaofuata. Kilo 1 inakupa ndoo moja ya kumwagilia, kisha inakupa mashimo mawili au matatu ya kupandia.

Nimekumbuka pia kwamba mwenye swali ana nyanya. Kwa nyanya, maji yanayokuja kwa kukatikakatika huleta kile kidonda cheusi kinachozama kwenye kitako cha tunda, kwa kuwa kalsiamu husafirishwa na maji na tunda ndilo la mwisho kufikiwa. Maji ya mboji hayaponyi hali hiyo, na yakiwa makali yanaweza kuizidisha, maana potasiamu nyingi hushindana na kalsiamu. Kwa nyanya zilizoanza kuzaa, heri maji kidogo kila siku kuliko mengi mara mbili kwa wiki.

Mkulima wa Ihumwa

Nawashukuru wote kwa moyo wa dhati, na nimeona ni wajibu wangu kurudi kueleza kilichotokea baada ya wiki saba. Nilipumzisha matuta manne. Katika manane yaliyobaki nilichagua manne ya sukuma wiki, yote nikiyashusha chini ya usawa wa ardhi kama Mama wa Makueni alivyoelekeza, kazi iliyotuchukua mimi na mwanangu Jumamosi mbili kwa sababu chini ya sentimita 15 udongo wetu ni mgumu kama tofali. Mboji nilinunua magunia mawili kwa mfugaji anayegeuza rundo lake vizuri. Fimbo niliyoichomeka ilitoka baridi.

Tuta la kwanza lilipata maji ya bomba peke yake. La pili lilipata maji ya mboji kila baada ya siku 10. La tatu lilifunikwa kwa nyasi bila maji ya mboji, na la nne lilipata vyote viwili. Kiasi cha maji kilikuwa sawa kwa yote manne, madumu mawili kwa kila tuta kila jioni, yaani pungufu ya ile hesabu ya lita 5 kwa mita ya mraba.

Nisiwafiche: tofauti kubwa niliyoiona imeletwa na nyasi. Kila siku saa nane mchana nilikuwa nikipita na kutazama. Tuta la kwanza lilikuwa limelala takriban kila siku. La pili lililegea lakini liliinuka mapema, jua likiwa bado halijazama. La tatu na la nne yalisimama siku nyingi, na katika yale majuma mawili ambayo bomba lilitoa maji mara moja tu, la nne ndilo lililokuwa la mwisho kulegea. Mchwa walikuja siku ya tisa, wakala nyasi za upande mmoja, lakini kwa ile nafasi ya vidole vinne hawakugusa shina hata moja.

Jana niling'oa mche mmoja wa tuta la kwanza na mmoja wa la pili, kwa kuwa hayo mawili hayana nyasi na nilitaka kuona kazi ya maji ya mboji peke yake. Nililoanisha udongo kwanza, nikachimba kwa uma kuzunguka, nikaiosha mizizi ndani ya beseni na kuitandaza juu ya gunia. Mwanangu aliipima kwa rula yake ya shule. Kwa urefu ilikaribiana, sentimita 27 na 31. Lakini mizizi ya mche wa tuta la pili ilikuwa na nywele nyembamba nyeupe kila mahali, na chembe za udongo ziling'ang'ania humo hata baada ya kuoshwa mara mbili, ilhali ile ya kwanza ilitoka safi mara moja, ikabaki mikia michache mirefu.

Wiki ijayo ninapandikiza miche 60 ya nyanya. Nitaitia mizizi yake kwenye maji ya mboji yaliyopunguzwa makali kabla ya kuiweka shimoni, na nitaacha mstari mmoja wa miche 10 kwa maji ya bomba tu ili nilinganishe. Masalia ya mfuko nimekwisha kuyafukia kwenye mashimo, kama Mzee alivyosema.